Usukani unaogonga: anza na tairodi kabla ya kushusha krosimemba

Ndugu yangu, kugonga kwa usukani wa Corolla yako kwenye mashimo ya njia ya Tukuyu hakutoshi kukufanya ushushe krosimemba nzima, ile fremu ya chuma iliyo chini ya injini. Inua mbele, weka stendi imara kwa sababu jeki peke yake haiaminiki, kisha shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise: likicheza hapo, shuku kwanza tairodi endi au raki endi (viungo vya nje na vya ndani vya tairodi, fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu), likicheza juu na chini, kagua boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake) na beringi. Kwenye gari langu nilikuta mpira wa tairodi umechanika na grisi imegeuka tope.

Ukilazimika kuishusha krosimemba, piga alama za rangi pale krosimemba inapokutana na bodi, ishikilie injini kutoka juu, na ufunge usukani ukiwa umenyooka, maana ukizunguka ovyo baada ya shafti yake kuchomolewa, utepe wa waya za eabegi ulio ndani yake unaweza kukatika, na hasara hiyo inauma. Unapofungua tairodi endi, hesabu mizunguko na urudishe ileile, kisha ufanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kabla ya kuteremka mlima Kitonga.