Walivyotaka kutufungia kijiwe cha kahawa na tulichofanya

Mkuu umeuliza kama kweli mtu anakamatwa kwa uzururaji wakati kakaa tu barazani na wenzie, na kama kuna la kufanya zaidi ya kulipa ili uachiwe. Nakujibu kwa yaliyonikuta maana mimi nishalala ndani kwa kosa hilo.

2014 nilikuwa nauza viatu vya mtumba Dar, siku hiyo nimefunga biashara saa nne usiku, nipo kituoni nasubiri daladala na kiroba changu, ikaja gari wakatuzoa wote tuliokuwepo. Nauliza kosa naambiwa mzururaji. Asubuhi nikatoa elfu ishirini, risiti hakuna, na viatu vimepungua. Hela inatafutwa, ila kuambiwa sina kazi huku kazi yenyewe nimeibeba begani, aisee hiyo iliniuma mpaka leo.

Baadae ndo nikaja kujua ni vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, tumerithi kwa Waingereza ambao wao walikuwa na sheria yao ya wazururaji tangu 1824. Wazee wa Nguvu Kazi ya 1983 wanaikumbuka vizuri, watu walikuwa wanakamatwa mjini na kupelekwa vijijini kwa kuonekana hawana kazi. Ubaya wa sheria za hivi hazina haja na ulichofanya, zinaangalia umevaaje na umekaa wapi, na mwenye gari lake hata akipaki pale pale usiku kucha hakuna wa kumuuliza.

Sasa 2021 ikafika zamu ya kijiwe chetu. Ni chini ya mwarobaini, kuna mzee wa kahawa na kashata zake, benchi mbili na bao, watu wanakaa kuanzia alasiri mpaka isha, pale ndo tunajua nani anaumwa, nani kafiwa, michango inapita pale pale. Tukaambiwa vijiwe marufuku, benchi zitabebwa na atakayekutwa faini elfu hamsini. Vijana walitaka kupambana na mgambo, mimi na mama lishe mmoja tukasema hapana, mkirusha jiwe moja tu mmewapa kosa la kweli.

Tukaandika barua ya nusu ukurasa kwa halmashauri. Tunaomba kuona sheria ndogo inayokataza kukaa hapa, namba ya tangazo lake na tarehe. Basi. Maana sheria ndogo ya halmashauri inatakiwa itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, haiwi sheria kwa kutamkwa na mtu aliyesimama juu ya gari na kipaza sauti. Tukaambatanisha na maoni ya Mahakama ya Afrika, hii iliyopo Arusha, ya Desemba 4, 2020, waliyoombwa na umoja wa wanasheria wa Afrika, PALU, kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Ni maoni ya kishauri sio hukumu, hilo usilifiche, ila yana uzito. Na Malawi 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha aina hiyo, kesi ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki, mtu wa chini kama sisi.

Barua tukaipeleka mara tatu, kila mara tunagongewa muhuri kwenye nakala yetu. Muhuri huo ndo silaha mkuu, usiondoke bila huo. Mara ya tatu wakaja na karatasi kweli, kuisoma ikawa inahusu kuziba mtaro, kukaa haimo kabisa. Benchi moja ilikuwa imekanyaga mtaro, haki yao, tukaisogeza siku hiyo hiyo. Faini ya elfu hamsini haikutajwa tena.

Mzee wa kahawa bado yupo na benchi zipo. Barua ninayo kwenye simu, niambie niibandike hapa ubadilishe jina la mtaa tu.