Ngano tumeacha, mbona tumbo la mtoto bado linauma?

SWALI: Nakusalimu kwa heshima, mjibu wa safu hii. Binti yangu ana miaka 8. Baada ya kuharisha na kukonda kwa muda mrefu, alipimwa damu, kisha akachukuliwa kipande kidogo cha utumbo, na tukaambiwa ana ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wake hudhuriwa na ngano. Huu ni mwezi wa saba hajagusa mkate, chapati wala andazi. Kuharisha kumekwisha na uzito umeongezeka, lakini sasa hupitisha siku tatu au nne bila kwenda haja kubwa, akienda hulia, na tumbo humuuma kuzunguka kitovu karibu kila siku. Anatumia pia dawa ya kuongeza damu. Bibi yake anashauri tumwingizie maji ya sabuni. Je, ngano bado inamdhuru kwa siri? — Mama wa Uyole, Mbeya.

JIBU: Mama, pokea kwanza pongezi, kwa sababu kumlea mtoto bila ngano katika mji ambao kila kona ina karai la maandazi si kazi ndogo. Bibi naye umwambie kwa upole kwamba maji ya sabuni huunguza ngozi laini ya ndani ya utumbo, na kwa mtoto ambaye utumbo wake ndio kwanza unapona, hilo ni jambo la kukataa kabisa.

Ngano ya siri inawezekana, na ni lazima itafutwe kabla ya mengine. Gluteni, yaani protini ya nafaka inayoudhuru utumbo wa mwenye siliaki, imo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, ulezi, mtama, viazi wala ndizi. Kwa hiyo ugali, wali wa Kyela na ndizi za Tukuyu havina kosa, na togwa iliyotiwa kimea cha ulezi haina kosa pia. Penye hatari ni unga wa lishe uliochanganywa nafaka nyingi, vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri, tambi, mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi, na mashine ya kusaga inayopokea ngano na mahindi kwa zamu. Mkate wa sakramenti nao kwa kawaida ni wa ngano, jambo ambalo wazazi wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika kanisani. Mwombe daktari arudie kipimo cha damu cha kingamwili za siliaki: kiwango kikiwa kinashuka, ni dalili nzuri kwamba mnafuata mlo vizuri, ingawa kurudi katika hali ya kawaida kunaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi.

Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza, ninashuku zaidi choo chenyewe kuliko ngano. Familia nyingi zikiondoa ngano hujaza pengo kwa wali mweupe, ugali wa sembe na viazi vilivyomenywa, vyakula ambavyo nyuzinyuzi zake ni chache. Ongeza hapo baridi ya Juni na Julai, ambapo mtoto wa Uyole anaweza kushinda kutwa nzima bila kuomba maji, na vyoo vya shule ambavyo watoto wengi huvikwepa hadi warudi nyumbani. Choo kinachozuiliwa hukauka, kikikauka huuma kutoka, na kikiuma mtoto hukizuia zaidi. Dawa ya kuongeza damu nayo hujulikana kwa kufunga choo. Usiiache kwa uamuzi wako, bali muulize daktari kama kipimo au aina yake inaweza kubadilishwa.

Hapa kuna kosa ambalo wazazi wenye nia njema hulifanya: kumlundikia mtoto mboga na maharage wakati utumbo umeziba kwa choo kigumu. Hilo humzidishia maumivu. Anza kwa kuusafisha utumbo kwa dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi au makrogoli, kwa kipimo kitakachotolewa na daktari kulingana na uzito wake, kisha aendelee na kipimo kidogo kwa miezi, walau miwili, kwa kuwa utumbo uliotanuka huchelewa kurudia nguvu zake. Ukiona uchafu mwepesi unachafua nguo yake ya ndani, usidhani kuharisha kumerudi. Mara nyingi ni choo laini kinachopenya pembeni mwa kile kigumu.

Choo kikishalainika, ndipo ubadilishe sahani polepole. Kanuni ya zamani ya madaktari wa watoto ni kuchukua umri na kuongeza 5, hivyo binti yako anahitaji takribani gramu 13 za nyuzinyuzi kwa siku. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva na nusu ya parachichi, ambalo kwenu Mbeya si tunda la kutafuta, vinakaribia kufika hapo. Badilisha sembe kwa dona, mpe papai, na maji ya uvuguvugu glasi tano hivi kwa siku, nyingine aende nayo shuleni katika chupa. Kila baada ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, wakati utumbo wenyewe unasukuma, akae chooni dakika 5 hadi 10, miguu ikiwa imekanyaga kitu imara, bila kufokewa hata asipopata kitu. Maziwa yakimjaza gesi, mpe mtindi kwa muda, kwani utumbo ulioumizwa na gluteni hupungukiwa kimeng'enyo cha kusaga sukari ya maziwa hadi upone.

Mkirudi kliniki, omba pia apimwe tezi ya shingo, kwa maana watoto wenye siliaki huugua tezi hiyo zaidi ya wengine, na ikizembea kazi choo hufunga. Lakini usisubiri tarehe ya kliniki ukiona damu kwenye choo, matapishi ya kijani, homa, tumbo lililovimba na kukaza, uzito unaoanza kupungua tena, au maumivu yanayomwamsha usiku. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.