Maswali ya Wasomaji: Yuniti Zinaisha Upesi, na Mita Inashukiwa

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi nje kidogo ya mji wa Tororo, Uganda, pamoja na mke wangu na wajukuu watatu. Kwa miaka mingi tulikuwa tukitumia takriban yuniti mbili kwa siku, kwa kuwa tuna friji moja, televisheni, pasi na taa za kawaida. Tangu mita yetu ilipobadilishwa, matumizi yamefika yuniti nne kwa siku, na siku nyingine yanapita hapo. Tena nikinunua umeme wa shilingi 20,000 mwanzoni mwa mwezi napata yuniti nyingi kuliko nikinunua kwa kiasi kile kile katikati ya mwezi. Hatukuongeza chombo chochote isipokuwa pampu ndogo inayosukuma maji ya tangi kuingia ndani, nayo tunaitumia asubuhi na jioni tu. Je, mita hii ni mbovu, na nikitaka kulalamika nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, barua yako ina malalamiko mawili, na kila moja lina jibu lake. La kwanza ni kwamba fedha zile zile zinanunua yuniti chache zaidi. La pili ni kwamba yuniti zikishaingia kwenye mita zinaondoka upesi. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakahesabu matumizi yao kwa shilingi, kisha wakaituhumu mita kwa jambo ambalo limefanyika katika bei.

La bei ni jepesi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mteja wa nyumbani anayestahili bei nafuu alilipa shilingi 250 kwa kila yuniti katika yuniti 15 za kwanza za mwezi, na zilizofuata hapo akalipa kwa bei ya kawaida. Tukichukua bei ya kawaida ya shilingi 756, iliyo karibu na ile iliyotumika mwaka 2025, na tukiondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, shilingi 20,000 za mwanzo wa mwezi zinakupa yuniti 32 na kitu, ilhali shilingi 20,000 za katikati ya mwezi zinakupa 22 hivi. Zile kumi zilizopungua hazikuibwa na mtu, wala hazikuliwa na mita. Stakabadhi ya tokeni huonyesha mgawanyo huo, kwa hiyo naomba uzitunze stakabadhi zako zote, hata zile zinazokuja kwa ujumbe wa simu. Kuanzia leo andika matumizi yako kwa yuniti, saa ile ile kila siku, wala usiyaandike kwa shilingi.

La pili ndilo linalohitaji kazi, na hapo sina budi kukuomba subira, kwa sababu mita haiwezi kuhukumiwa kabla haijapimwa. Chagua wakati ambapo nyumba inaweza kukaa bila umeme kwa saa moja au mbili. Zima swichi kuu iliyo ndani ya nyumba, ile inayokata umeme wote, kisha uende ukaitazame mita. Usoni mwake pana taa nyekundu ndogo inayowakawaka, na karibu nayo pameandikwa tarakimu, mara nyingi 1000 imp/kWh, maana yake taa hiyo huwaka mara 1,000 kwa kila yuniti moja inayotumika. Swichi kuu ikiwa imezimwa, taa hiyo haitakiwi kuwakawaka kabisa. Ikiwa mita yenyewe imefungwa juu ya nguzo nawe una kibao cha kuingizia tokeni tu ndani ya nyumba, basi soma salio pamoja na desimali zake kabla ya kuzima, zima kwa saa kadhaa, kisha usome tena. Salio likipungua wakati nyumba imezimwa, kuna mambo mawili makubwa ya kushuku: ama kuna mtu aliyejiunganisha kwenye waya kati ya mita na swichi yako, ama mita inahesabu umeme usiopita. Yote mawili yanatosha kuandikiwa malalamiko siku hiyo hiyo.

Mita ikitulia, na kwa kadiri ninavyoielewa barua yako nadhani itatulia, basi umeme unatumika ndani ya nyumba na kazi yako ni kutafuta mahali. Washa swichi kuu lakini uzime breka zote, yaani swichi ndogo za kila sehemu ya nyumba, kisha uwashe breka moja moja huku mtu akitazama taa ya mita. Kwa mita ya 1000 imp/kWh, gawanya 3,600 kwa idadi ya sekunde kati ya mwako mmoja na mwingine, nawe utapata wati zinazotumika wakati huo. Taa ikiwaka kila baada ya sekunde 36, nyumba inatumia wati 100. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya hesabu hii, na ningependa wajukuu wako wakusaidie, kwani watu wazima wengi katika nchi yetu wamelipia umeme maisha yao yote pasipo kuonyeshwa namna ya kuisoma mita.

Sasa nije kwenye pampu. Unasema mnaitumia asubuhi na jioni tu, lakini pampu nyingi za aina hiyo hazingoji kuwashwa na mtu. Zina swichi ya presha: presha ya maji ndani ya bomba ikishuka, pampu hujiwasha, ikipanda hujizima. Mahali popote maji yanapovuja, presha inashuka, na pampu inaamka. Mkosaji mkubwa ni tangi la choo ambalo mpira wake wa chini umechakaa, maji yakawa yanateremka kwenye bakuli kama uzi mwembamba usioonekana wala kusikika. Weka unga kidogo wa kahawa au rangi ya chakula ndani ya tangi hilo usiku, msitumie choo, kisha utazame bakuli baada ya nusu saa. Maji ya bakuli yakibadilika rangi, umempata. Pampu ya wati 750 ikifanya kazi kwa jumla ya saa mbili na dakika arobaini katika mchana na usiku, inakula yuniti mbili kamili, na hizo ndizo zilizoongezeka kwako. Vali inayozuia maji yasirudi kwenye tangi kubwa nayo ikilegea, matokeo ni hayo hayo. Kwa usiku mmoja au miwili, izime pampu kwenye soketi wakati wa kulala, na ulinganishe salio la asubuhi na la usiku uliotangulia. Mimi ningeanza hapo kabla ya kutoa hata shilingi moja kumwita fundi.

Pampu ikitoka safi, itazame friji. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango wake, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha na mashine haipati kupumzika. Taa za ulinzi nazo zisisahauliwe: balbu nne za zamani za wati 60 zikiwaka saa 12 hutumia karibu yuniti tatu kila usiku, ilhali za LED za wati 9 hazifiki hata nusu yuniti.

Ukitaka kuijaribu mita yenyewe, zima kila kitu isipokuwa birika la umeme lililojaa maji, usome wati zilizoandikwa chini yake, na uhesabu miwako kumi. Birika la wati 2,000 kwenye mita ya 1000 imp/kWh linapaswa kutoa miwako kumi kwa sekunde 18. Angalia jambo moja hapa: wati hizo ni za volti 240, na umeme wa mitaani ukishuka hadi volti 220, birika hilo hilo hutumia wati 1,680 tu, na miwako kumi itachukua sekunde 21 hivi. Kwa hiyo tofauti ndogo haithibitishi kitu. Lakini ukipata sekunde 12 kila unaporudia, mita inaandika nusu zaidi ya inavyopaswa, na hapo una haki ya kusema kwa sauti.

Malalamiko yapeleke kwa maandishi katika ofisi ya UEDCL, kampuni ya umeme ya serikali, ambayo ndiyo iliyochukua usambazaji wa umeme kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Andika namba ya mita, tarehe ilipobadilishwa, masomo yako ya kila siku na matokeo ya majaribio haya, uombe mita ipimwe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa au usiporidhika, hatua inayofuata ni Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na baada yake lipo Baraza la Migogoro ya Umeme, lililoundwa chini ya Sheria ya Umeme ya 1999. Barua yenye tarakimu husomwa kwa namna nyingine kabisa na ile inayosema tu kwamba mita inakula.

SWALI: Mimi ni mama mpangaji Jinja, kwenye mizigo, yaani nyumba ya kupanga ya vyumba vilivyopangana, ya vyumba sita, kila kimoja na mita yake. Nilisafiri wiki nzima kwa msiba nikiwa nimezima kila kitu, hata swichi kuu. Niliporudi, yuniti zilikuwa zimepungua. Mwenye nyumba anasema hayamhusu.

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Jaribio gumu umekwisha kulifanya bila kukusudia. Katika mizigo, waya hupita pamoja darini, na mara nyingi mita ya chumba hiki imeunganishwa na chumba cha jirani. Waombe majirani wawepo, kisha kila mmoja azime swichi yake kuu kwa zamu, mkitazama ni mita ipi inayotulia. Pia zipo mita zinazopima waya wa moto, unaoleta umeme, na nyutro, unaourudisha, zikahesabu ule wenye umeme mwingi; nyutro ya jirani ikifungwa pamoja na yako, umeme wake unaandikwa kwako hata ukiwa safarini. Mita na waya unaoifikia ni vya msambazaji, lakini waya za ndani ya jengo ni za mwenye nyumba, kwa hiyo yanamhusu sana. Amlete fundi mwenye kibali cha ERA. Akikataa, mchukue mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awe shahidi mnaporudia jaribio. Wewe usipande darini, wala usiguse lakiri ya mita, ule muhuri unaoifunga.

SWALI: Fundi mmoja hapa Mbale ameniahidi kuirekebisha mita yangu isihesabu haraka, kwa malipo ya mara moja. Nimkubalie?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Huyo ni kamyufu, fundi wa umeme asiye na kibali. Mita haina skrubu halali ya kupunguzia mwendo. Anachokusudia ni kukata lakiri na kuupitisha umeme kando ya mita, na marekebisho ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2022 yameongeza sana adhabu ya kuchezea mita. Atakapokuwa amekwisha kulipwa na kuondoka, jina lililo kwenye mita ni lako, na waya zilizoungwa ovyo ziko kwenye ukuta ambao wanao wanauegemea. Kama mita yako inahesabu haraka kweli, fanya jaribio la birika nililomweleza Mwalimu hapo juu, kisha uombe ipimwe kwa njia ya ofisi.