Picha Iingie Ndani ya Herufi, Isikae Pembeni Yake

Mama mmoja ameniandikia akilalamika kwamba mwanawe wa miaka 4 anaitaja kila picha iliyomo kwenye chati ya alfabeti bila kukosea, lakini akifunikiwa picha hizo anazikodolea macho herufi kana kwamba hajapata kuziona. Nimemjibu kwa ufupi kwamba mtoto hana kasoro. Mwenye kasoro ni aliyeichora chati. Jibu refu naliandika hapa, maana najua wengi wenu mnatamani, kama nilivyotamani mimi, mtoto aingie darasa la kwanza akiwa ameshaanza kusoma.

Chati nyingi huweka herufi upande mmoja na picha upande wa pili. Mtoto akishaiona picha ya simba hana haja tena ya kuitazama s, kwa kuwa jibu amelipata kwa simba. Mwaka 1984 Linnea Ehri, mtafiti wa namna watoto wanavyojifunza kusoma, na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliofundishwa kwa picha zilizobeba umbo lenyewe la herufi walizikumbuka vizuri kuliko waliowekewa picha zisizofanana nalo. Wala si jambo geni, kwani herufi O yenyewe ilianza kama mchoro wa jicho katika maandishi ya kale ya Kisemiti, yaani ya lugha za Mashariki ya Kati kama Kifoinike.

Nilipokuwa nikifundisha chekechea, b na d ndizo zilizowatesa wanafunzi wangu kuliko herufi nyingine zote. Nikachora baba mwenye kitambi, amesimama wima akitazama upande wa kulia, kitambi kikiwa mbele yake: hiyo ikawa b. Kisha nikamchora dada, naye akitazama kulia, amebeba mtoto mgongoni: hiyo ikawa d. Watoto walicheka, wakaigiza, wakatembea darasani wametoa matumbo, na tangu hapo aliyechanganya herufi hizo alisahihishwa na wenzake kabla sijafungua kinywa. Michoro hiyo niliibuni mwenyewe, na sioni haya kuisifu.

Mwalimu mkuu wangu wa wakati huo aliibandua ukutani. Alisema inawadhihaki wazazi, tena haina rangi kama chati za kununua, na akabandika nyingine iliyong'aa ambayo s yake ilipambwa kwa nyoka. Nilinyamaza, ingawa jambo hilo bado linaniuma. Nyoka anafaa pale ambapo jina lake linaanza kwa s. Kwetu linaanza kwa ny, kwa hiyo mtoto anaona umbo la herufi moja huku akitamka sauti ya nyingine. Chora sisimizi wanaofuatana kwa kujipinda, na umbo na sauti vitakwenda pamoja.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Kiswahili hubadili mwanzo wa maneno, hivyo ukichora macho mawili kwa ajili ya j, mtoto atasema "macho" na atakuwa amesema kweli. Chora jicho moja, au chagua neno lisilobadilika katika wingi, kama fimbo, ambayo ikiwa na mpini uliopinda inafanana kabisa na f. Ulimi uliotolewa nje unafaa kwa u. Usitumie shoka kufundishia s, wala ng'ombe kufundishia n, kwa sababu sauti zinazosikika mwanzoni mwa maneno hayo si za herufi hizo. Tena, kabla hujamwambia mtoto lolote, muulize anaona nini. Nilichora vidole viwili kwa ajili ya v, mtoto mmoja akasema "mkono", na mchoro ule niliuchora upya kwa kuvikuza vidole na kuuondoa mkono wote uliobaki.

Mzazi mwenzangu, acha kumkaripia mtoto. Acha kumlinganisha na wa jirani. Kukariri wimbo wa alfabeti kutoka a hadi z si kusoma, hata kama wageni wanapiga makofi. Mpe herufi chache, mtamkie sauti ya kila herufi badala ya jina la herufi hiyo, mwache aichore kwa kidole hewani, na urudie kesho. Anza na herufi ndogo, kwa kuwa ndizo atakazokutana nazo zaidi vitabuni.

Picha nayo isikae milele. Futa kwanza uso wa baba, kisha miguu, kisha nguo, hadi ibaki b tupu ambayo mtoto bado anaitambua kwa kitambi chake. Dada naye mfanyie vivyo hivyo. Akishazijua hizo mbili pamoja na a, usingoje amalize alfabeti nzima: mwandikie "baba" na "dada", umwache asome.