Taimingi Haibagui Silinda: Maswali Yenu Kuhusu Pampu ya Dizeli

SWALI: Hilux yangu ya injini aina ya 3L ilibadilishwa mkanda wa taimingi mwezi uliopita. Tangu hapo inasumbua kuwaka asubuhi, moshi ni mweupe na unachoma macho, na ikifika mpando wa Salgaa inakosa nguvu. Fundi anataka kulegeza pampu aigeuze kidogo kidogo mpaka injini itulie. Nimruhusu?
Msomaji, Njoro

JIBU: Usimruhusu, ndugu, mpaka apime. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Kwa dalili zako, huenda taimingi, yaani wakati wa dizeli kuingia kwenye silinda, imechelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka na joto la mbano limepungua, na baridi ya Njoro inazidisha shida. Lakini kilichoguswa ni mkanda unaoendesha pampu, wala si boliti za pampu. Jino moja likirukwa ni zaidi ya digrii 10 za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na kugeuza pampu ni kufunika kosa juu ya kosa.

Fungua kava. Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, kwa upande inaozungukia siku zote. Ni miwili kwa sababu pampu na kemshafti (shafti inayofungua valvu) huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Alama ya krenki, ya kemshafti na ya pampu zote zikae mahali pake. Moja ikikataa, mkanda ufungwe upya na suala la pampu liishie hapo.

Zikikaa zote, ndipo pampu ipimwe. Katikati ya paipu nne, nyuma ya pampu, kuna plagi ndogo. Itoe, ufunge geji ya mshale inayopima milimita. Kifaa kinachowahisha taimingi injini ikiwa baridi kiachiliwe kwanza, la sivyo kipimo kitakudanganya. Rudisha krenki nyuma kama digrii 25 mpaka mshale utulie kabisa, uweke sifuri. Kisha zungusha mbele polepole mpaka alama ya kuonyesha pistoni ya silinda ya kwanza iko juu kabisa, usome. Ukipitiliza alama, usirudi hatua moja nyuma. Anza upya, maana ulegevu wa mkanda unaharibu hesabu. Kwa pampu za aina hii kipimo huwa kidogo mno, mara nyingi milimita 1 au chini yake, kwa hiyo tumia namba ya kitabu cha injini yako hasa, si ya injini ya 2L ya jirani.

Ikibidi kugeuza, chora mstari kwanza kwenye pampu na kwenye bamba lake, kisha legeza nati za paipu pia. Mwili wa pampu ukigeuzwa kinyume na mzunguko wa shafti yake, taimingi inawahi. Ukifuata mzunguko, inachelewa. Kaza, halafu pima tena.

SWALI: Hiace yangu ya injini aina ya 5L inagonga kama nyundo. Mafundi wawili walisema taimingi imewahi, wakaichelewesha. Sasa inakunywa mafuta na bado inagonga.
Mama wa matatu, Kisumu

JIBU: Mama, taimingi ni moja kwa silinda zote nne. Ikiwahi, zote zinagonga. Injini ikinguruma taratibu, fundi alegeze nati ya paipu ya nozeli moja (kinyunyizio cha dizeli cha silinda), asikilize, akaze, aende kwa inayofuata. Silinda ambayo kugonga kunakoma nati yake ikilegezwa ndiyo yenye shida, na mara nyingi ni nozeli inayodondosha au iliyokwama wazi. Avae miwani na aweke kitambaa juu ya nati, na asiguse kamwe dizeli inayoruka: presha yake hutoboa ngozi, na hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Nozeli zote nne zipelekwe kwenye mashine ya kuzipima, zirudi na washa mpya (pete za kuziba). Kisha taimingi irudishwe kwenye namba yake, kwa kuwa huko kuchelewesha ndiko kunakokula mafuta yako na kupasha ekzosi joto kupita kiasi.

SWALI: Pikapu yangu ya Isuzu, injini ya 4JA1, ni nzuri ikiwa taratibu lakini kasi ikipanda inachoka. Mkanda umeruka jino?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Kwa kawaida injini hiyo haina mkanda wa taimingi; pampu inaendeshwa na gia. Kasi inapopanda, presha ya dizeli ndani ya pampu husukuma kipistoni kinachowahisha taimingi. Presha ikipungua, taimingi inabaki nyuma. Badilisha filta, kisha weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kuingilia na utazame povu: hewa ikiingia, kaza viungo mpaka ikome. Halafu kagua boliti ya paipu ya kurudisha mafuta, ile yenye herufi OUT. Ndani yake kuna tundu dogo linaloshikilia presha. Ikiwa aliyefungua pampu mara ya mwisho aliweka boliti ya kawaida hapo, umepata ugonjwa wako, na dawa yake ni boliti moja tu.