Maswali ya Wasomaji: "Ali alimpigia Juma mpira"

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Likoni. Juzi niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu sentensi "Ali alimpigia Juma mpira" wataje maana zake. Mmoja wao alitoa maana tatu, lakini mwalimu mwenzangu alipokuwa akisahihisha alimkata alama, kwa hoja kwamba sentensi hiyo ina miundo miwili tu na kwa hivyo haiwezi kuwa na maana ya tatu. Je, maana ya sentensi hutoka katika muundo wake au katika maneno yake?
Mwalimu wa Likoni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Mwanafunzi huyo arudishiwe alama zake, ingawa mwenzako naye hakukosea alipohesabu miundo.

Tuanze na sentensi yenyewe. Ukikiondoa kiambishi -i- cha kauli ya kutendea, yaani ile -i- inayogeuza "piga" kuwa "pigia", utajikuta mbele ya njia mbili. Ukirudi kwenye "Ali alipiga mpira", kilichopigwa ni mpira, nao ndio shamirisho kipozi, yaani kitu kinachoathiriwa na tendo moja kwa moja, ilhali Juma ni shamirisho kitondo, yaani yule anayetendewa. Ukirudi kwenye "Ali alimpiga Juma", aliyepigwa ni Juma mwenyewe, na mpira ni sababu tu ya kipigo hicho, pengine kwa kuwa aliupoteza. Kwa sikio sentensi ni moja, kwa sababu kiambishi -m- kinamwakilisha Juma katika njia zote mbili, lakini uhusiano wake na kitenzi ni tofauti kabisa. Hapa muundo ndio unaotenganisha maana.

Sasa tazama njia ile ya kwanza peke yake. Ali anaweza kuwa aliupiga mpira kuelekea kwa Juma, au aliupiga kwa niaba ya Juma aliyeumia mguu. Muundo haukubadilika hata kidogo: mpira bado ni kipozi, na Juma bado ni kitondo. Kinachozigawa maana hizi mbili ni kiambishi -i- chenyewe, ambacho hubeba dhana ya mwelekeo na pia dhana ya kufanya jambo kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo miundo ni miwili na maana ni tatu, wala hakuna mgongano.

Suala hili la muundo na maana limewagawa wanaisimu, yaani wataalamu wa sayansi ya lugha, kwa miaka mingi. Mwaka 1957 Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, alishikilia kuwa usarufi wa sentensi, yaani kufuata kwake kanuni za sarufi, haupimwi kwa maana, akatoa mfano wa Kiingereza ambao kwetu ungekuwa "Mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanalala kwa hasira". Upatanisho wa kisarufi umekamilika, lakini maana haishikiki. Kufikia mwaka 1965 alikuwa amependekeza kwamba kila sentensi ina muundo wa ndani, unaofasiriwa kimaana, na muundo wa nje, unaotamkwa. Zile njia zetu mbili, "Ali alipiga mpira" na "Ali alimpiga Juma", zinakaribiana sana na wazo hilo la muundo wa ndani. Baadaye wenzake kama George Lakoff na James McCawley walikwenda mbali zaidi, wakasema kuwa maana yenyewe ndiyo msingi ambamo sentensi huzalishwa, na mabishano yakawa makali.

Ugumu mmoja waliokutana nao tunaweza kuuona katika Kiswahili. "Kila abiria alisoma magazeti mawili" inatufanya tufikirie kila mtu na magazeti yake, lakini "Magazeti mawili yalisomwa na kila abiria" inatuvuta kwenye magazeti yale yale mawili yaliyopita mikononi mwa wote. Ikiwa kauli ya kutendwa, kama "yalisomwa", hugeuza umbo tu na kuiacha maana kama ilivyokuwa, tofauti hiyo imetoka wapi?

Wewe unayevuka kivuko kila siku una mfano mwingine. "Watu wamejaa kwenye feri" inatuambia kuwa watu ni wengi humo, na huenda bado pakapatikana pa kusimama. "Feri imejaa watu" inaieleza feri yenyewe, kwamba haina tena nafasi. Maneno makuu ni yale yale; kilichohama ni kiima, yaani nomino ambayo kitenzi kinapatana nayo, na maana imehama nacho. Mimi naona mifano ya aina hii ingefaa kufundishwa mapema zaidi, kwa sababu mwanafunzi anaisikia tofauti hiyo kabla hajapewa istilahi yoyote.

Utakaporudi darasani, usiwaulize wanafunzi idadi ya maana pekee. Watake waandike, kando ya kila maana, sentensi ambamo imetoka kabla ya kuongezwa -i-. Watakaotoa maana mbili kutoka sentensi moja wataona wenyewe mahali ambapo kazi ya muundo inaishia na kazi ya kiambishi inaanza.