Idadi ya Samaki Ipangwe kwa Usiku wa Kukatika Umeme

Wengi wanaotaka kuanza kufuga samaki wa mapambo huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: tangi la lita kadhaa linabeba samaki wangapi? Jibu wanalopewa mara nyingi ni sentimita moja ya samaki kwa kila lita ya maji. Kipimo hicho hukumbukika upesi, lakini hakifai, kwa sababu samaki hakui kwa urefu peke yake. Samaki anayemzidi mwenzake urefu mara mbili, wakiwa na umbo moja, humzidi uzito takribani mara nane, na uzito ndio unaokula, unaovuta oksijeni na unaochafua maji. Samaki kumi wa sentimita 3 na samaki watatu wa sentimita 10 wanalingana ukiwapima kwa rula, ilhali hao watatu huwazidi wale kumi uzito zaidi ya mara kumi.

Mimi nafugia Dar es Salaam, mahali ambapo maji ya tangi huwa ya vuguvugu karibu mwaka mzima na umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo nimejizoeza kupanga idadi ya samaki kwa kuuangalia usiku mmoja tu, yaani ule ambao pampu itazimika nikiwa nimelala. Maji yenye nyuzi 25 za Selsiasi hushika oksijeni isiyozidi miligramu 8 na kidogo kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika takribani 7 na nusu, na katika joto hilo hilo mwili wa samaki hudai oksijeni zaidi. Mimea nayo, ambayo mchana huiongeza, usiku huitumia, ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni zile za kuelekea alfajiri. Juu ya hayo, bakteria waliomo kwenye sponji ya kichujio, ambao kazi yao ni kuigeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na sumu kali, nao wanahitaji oksijeni, na maji yakisimama huanza kudhoofika. Tangi lenye samaki wachache huvuka saa hizo bila shida. Lililojaa utalikuta samaki wamepanda juu, midomo ikigusa hewa na matamvua yakipiga haraka haraka. Tahadhari moja hapa: samaki aina ya beta na wale kambare wadogo wa Amerika Kusini huja juu kuvuta hewa hata maji yakiwa mazuri, kwa hiyo usiwatumie hao kama kipimo.

Hesabu ianze na maji yenyewe, wala isianze na maandishi ya kwenye boksi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huuzwa kama la lita 54, lakini ukishaweka mchanga wa sentimita 4 au 5 na kuacha nafasi ya sentimita 3 juu ili samaki wasiruke nje, maji yaliyobaki ni kama lita 40, na mawe yatapunguza tena. Katika tangi hilo mimi huweka samaki wadogo waitwao gapi (guppy), madume saba au wanane pamoja na konokono wachache, basi. Wageni huliona tupu siku ya kwanza. Waache waone hivyo.

Jambo la pili ni ukubwa wa utu uzima. Muuzaji hukuonyesha samaki mchanga, na samaki mchanga hupendeza. Yule mweusi mwenye mdomo wa kunyonya, anayenunuliwa eti asafishe kioo, huuzwa akiwa wa sentimita 5 na huweza kupita sentimita 30. Tena hutoa kinyesi kingi kuliko ukoga anaouondoa. Samaki wa dhahabu wa kawaida naye hupita sentimita 20, na kwa asili ni wa maji ya baridi, hivyo kumweka kwenye bakuli sebuleni katika joto la pwani ni kumtesa mara mbili. Kwa tangi dogo sinunui samaki ambaye akikomaa atazidi sentimita 5, isipokuwa beta, ambaye huzidi kidogo na ambaye aghalabu huishi peke yake.

Kuhusu maji, usishindane na bomba lako. Visima vingi vya ukanda wa pwani hutoa maji magumu, mengine yenye chumvi kidogo, na gapi huyapenda maji magumu. Tetra neoni anatoka kwenye mito ya Amazoni yenye maji laini yasiyo na joto kali. Ukimleta kwenye maji ya kisima yenye nyuzi 30, atapungua rangi na kufa polepole, na utamlaumu muuzaji bure. Aliyeko Nairobi au Arusha, ambako miezi ya Juni na Julai ni ya baridi, atahitaji hita, na huko neoni wana nafasi nzuri zaidi. Maji ya bomba yenye klorini yatibiwe kwanza kwa dawa ya kuiondoa.

Tabia ndiyo inayowashangaza wanunuzi zaidi. Samaki wapole huweza kuuana kwa sababu za kimaumbile tu: samaki malaika hana ubaya, lakini neoni anamtosha mdomoni, basi atamla. Samaki aitwaye babu tiga (tiger barb), mwenye milia myeusi, huwakata mikia samaki wenye mapezi marefu, na wakiwekwa wachache katika nafasi ndogo huzidi. Beta dume hawekwi na beta dume mwingine, wala na gapi mwenye mkia mpana, kwa kuwa humwona kama mpinzani. Samaki wa kundi, kama neoni na kambare wadogo, wanunuliwe sita au zaidi wa aina moja. Wawili wawili wa kila aina ni mkusanyiko wa samaki wenye hofu, hata kama idadi ni ile ile.

Gapi wanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndio wanaojaza matangi mengi bila mwenyewe kununua samaki hata mmoja wa ziada. Jike huzaa watoto hai takribani kila wiki nne, mara nyingi makumi kwa mkupuo, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata jike mmoja aliyenunuliwa peke yake huja na uzao wake. Dukani inama, mtazame samaki kwa ubavu, chini ya tumbo karibu na mkia. Dume ana pezi jembamba lililochongoka, limelala kuelekea nyuma. La jike ni pana, lenye umbo la pembetatu, na juu yake huonekana doa jeusi. Chagua madume watupu, umwambie muuzaji akamate wale unaowaonyesha kwa kidole, si wowote wanaoingia wavuni.

Mtu akitaka samaki wa kwetu, uwezekano upo, ingawa wale wanaovutia zaidi macho ndio wasiofaa. Mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa kundi la Tropheus kutoka Ziwa Tanganyika ni wagomvi, na wanataka tangi la zaidi ya mita moja. Lakini katika Ziwa Tanganyika hilo hilo yupo Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi sana sentimita 4, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kundi dogo, mchanga laini na makombe mengi kuliko samaki vinatosha katika lita 50, mradi wawe peke yao, na maji yawe magumu. Utawaona wakichota mchanga kwa mdomo na kuumwaga mbele ya mlango wa jirani.

Ukishachagua, usiwaingize wote kwa siku moja. Tangi jipya huchukua takribani wiki nne hadi sita kujenga bakteria wa kutosha. Kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio cha rafiki mwenye samaki wazima hufupisha muda huo. Ingiza wawili au watatu, lisha kidogo, badilisha robo ya maji kila wiki, kisha ongeza. Umeme ukikatika usilishe kabisa. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda, au weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Na ikiwa tangi lako limekwisha kujaa, waliozidi warudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usiwamwage mtoni wala bwawani, kwani gapi huzaliana huko kwa kasi ile ile, na hakuna atakayewatoa.